Bakaa

Ruzuku iliingia Jumanne, mvua ikinyesha.
Milioni tatu na laki mbili.
Mhasibu akanipigia: "Mwalimu, mto wako umelipwa."
Nikacheka peke yangu ofisini.
Mirongo haujawahi kulipwa na mtu.
Hupewa tu: maganda, majivu, nepi, povu,
na wenyewe, kwa adabu zake, hulipeleka ziwa vyote.

Nilinunua mabuti ya mpira jozi kumi na mbili,
kwa ajili ya kichocho,
darasa lina watoto arobaini na saba.
Basi kumi na wawili huingia,
waliobaki hushika kamba na kupiga kelele za ushauri,
kisha mabuti hubadili miguu yakiwa bado na joto.
Fomu inauliza: wanufaika wangapi?
Nimeandika arobaini na saba.
Haikuuliza miguu.

Kifaa cha kupimia ung'avu wa maji kiliuzwa kwa dola,
na dola haifiki Mabatini bila kuchoka njiani.
Sungwa akaleta kifuniko cha sufuria ya kwao.
Tukakipaka robo nyeusi, robo nyeupe,
tukakifunga kamba yenye fundo kila sentimita tano.
Unakizamisha. Kikipotea machoni, unahesabu mafundo.
Kule juu, maji yanapotoka chini ya jabali
yakiwa hayajakutana na mtu,
kifuniko kiligusa chini, bado kinatuangalia.
Darajani, mafundo mawili tu.

Kati ya jabali na daraja kuna pampu ya baba yake Mhoja.
Anaosha bajaji na bodaboda.
Na siku hiyo zamu ya kuandika ilikuwa ya Mhoja.
Juu ya pampu: saba. Aliandika.
Chini ya pampu: matatu.
Penseli ikasimama.
Nikatazama kwingine, nikajifanya nahesabu mabuti.
Niliporudi, tatu ilikuwa pale,
imekolezwa mpaka karatasi ikatoboka.

Alhamisi baba yake akaja shuleni,
vidole vimenyauka kwa sabuni.
Hakupandisha sauti.
"Mwalimu, mmepewa hela ya kuyapima maji yangu.
Ya kuchimba shimo la kuyachuja ipo fungu gani?"
Nikaifungua bajeti mbele yake, kama mtu anayetafuta.
Usafiri. Vifaa. Chai.
Bango lenye nembo ya wafadhili: laki nne.
Tukasoma wote wawili, kidole chake kikifuata changu
hadi mstari wa mwisho,
na chini ya mstari wa mwisho, weupe wa karatasi.

Fomu ina kisanduku cha changamoto,
maneno yasizidi hamsini.
Nimeandika: mvua.

Mradi ulifungwa mwezi wa sita.
Bakaa elfu kumi na nne na mia tatu, irudishwe.
Nimerudisha. Makato ya kutuma nimelipa mimi.
Stakabadhi zote nimeambatisha,
isipokuwa ya kifuniko.
Mama yake Sungwa bado anakidai,
anasema mchele wake hauivi juu, unaiva chini tu,
na kosa ni la sayansi.

Jana Jumamosi nilipita darajani na dagaa wangu.
Hakuna shule, hakuna chai, bango limepauka.
Mabuti yamefungiwa stoo, ni mali ya mradi.
Nikawaona watatu juu ya mawe, miguu mikavu,
wanateremsha kamba pole pole
kama wanaotega kitu chenye akili.
Kando ya pampu mtu ameanza kuchimba.
Shimo halijafika goti,
povu limetuama ndani, halijui liende wapi.

"Mangapi?" nikaita.
Sungwa akainua mkono wenye maji, vidole vikiwa wazi.
Bajaji ikapita kati yetu.
Sikuona vizuri: matatu,
au manne.